Modeli inasema kome wapo, nimezama siku nne sijaona hata ganda. Nakosea wapi?

kijana_wa_Wete ameuliza:

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada maana supavaiza anataka majibu keshokutwa na mimi sina cha kumwambia.

Nipo Tennessee, Marekani, nasoma masta. Kazi yangu ni kutafuta kome wa maji baridi, wale wa mtoni sio wa baharini, kwenye mto Clinch na mwenzake Powell, yote inaanzia huko juu Virginia inashuka Tennessee. Ninayemtafuta anaitwa Epioblasma triquetra, jina lake la mtaani huku maana yake kikopo cha ugoro, kwa hiyo hapa namwita Kikopo tu tusivunjane ulimi. Ni mdogo, wa kuenea kiganjani, umbo la pembetatu, rangi ya njano na madoa ya kijani kizito. Serikali ya hapa ilimuweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2012, zamani alikuwa anajulikana kwenye mito na maziwa 210, wakati wanamuorodhesha ilishabaki 79.

Sasa mto ni mrefu, huwezi kuzama wote, ndo nikafanya modeli ya makazi kwa MaxEnt. Kwa ambaye haijui, unaipa pointi za sehemu alizowahi kuonekana, unaipa na ramani za mazingira, mteremko, eneo linalomwaga maji mtoni lina ukubwa gani, miamba ya chini ni ya aina gani, msitu uko wapi mashamba yako wapi, inajifunza yenyewe af inakupakia rangi mto mzima, nyekundu maana yake makazi mazuri bluu usijisumbue. Nilikuwa na pointi 61, nyingine za makumbusho nyingine za sensa za miaka ya karibuni. AUC, yaani alama ya kupima modeli ambapo 1 ni kamili na 0.5 ni kubahatisha, ikatoka 0.94, nikapiga picha ramani nikamtumia mama Wete, akaniuliza mbona mto una damu.

Mwezi wa tisa tumeingia majini watu watatu, sehemu sita, zote nyekundu ya kuwaka, siku nne. Tumelala kifudifudi kwenye mawe na wetsuti, uso majini, mpira wa kupumulia mdomoni, mpaka kidevu kikafa ganzi. Kome wengine tumewaona wengi tu, Kikopo hamna. Bibi yangu maji yakitoka anaokota kombe Pemba kwa kukanyaga tu, unyayo unamwambia, hajawahi kumiliki kompyuta. Mimi nina AUC 0.94 na sina hata ganda.

Kitu kingine, sijui kama kina maana, sehemu nyekundu karibu zote zina daraja. Na mbili zinaangukia ndani kabisa ya ziwa la bwawa la Norris. Nakosea wapi?

---

mzee_kobe amejibu:

Yaani wazungu wanakulipa dola uende kutafuta konokono mtoni? Hawa wanaliwa lakini? Nauliza tu mdogo wangu usikasirike, huku sisi tunatafuta ajira.

---

kijana_wa_Wete amejibu:

Hawaliwi mzee wangu, na ukikutwa nae hata ganda tupu bila kibali una kesi ya serikali kuu na kesi ya jimbo. Na sio konokono jamani, ana magamba mawili.

---

Mama_Mtoni amejibu:

Mdogo wangu pole sana, hiyo ganzi ya kidevu naijua, nimeifanya kazi hii misimu sita kwenye mito ya Ohio na Kentucky kabla sijahamia kazi ya mezani. Umeandika jibu lako mwenyewe kwenye mistari miwili ya mwisho, ila hukuisoma.

Tuanze na Norris. Lile bwawa lilikamilika 1936, kabla ya hapo pale palikuwa mto, maji yanakimbia juu ya changarawe, na kome walikuwa wamejaa. Ortmann, mtafiti wa kome wa zamani, alipita mito ya juu ya Tennessee akaandika alichokiona, ilichapishwa 1918. Nakuhakikishia kwenye zile pointi zako za makumbusho kuna za enzi zake. Sasa wewe umechukua kome aliyeokotwa kabla ya bwawa ukambandika juu ya ramani ya leo, ambapo pale ni ziwa, maji yamesimama, chini tope. Modeli haina akili ya kuuliza mwaka. Imeona pointi ziwani ikasema aha, kumbe Kikopo anapenda ziwa. Kikopo hapendi maji yaliyosimama! Huyu ni wa maji ya mbio. Fungua jedwali lako upange kwa mwaka, za kabla ya 1936 zilizoko ndani ya ziwa la bwawa zitoe, na hata zile za zamani za sehemu nyingine angalia lebo imeandikwa nini, maana unaweza kukuta "Clinch, karibu na mji fulani" halafu mtu wa kompyuta akaweka koordineti katikati ya mji, kwenye posta huko.

La pili madaraja. Kwani kome anapenda daraja? Anayependa daraja ni mtafiti, anapaki gari, anashuka na ngazi, anazama, anarudi kula sandwichi. Miaka 80 watu wameingilia pale pale. Kwa hiyo MaxEnt yako haikujifunza makazi ya kome imejifunza makazi ya watafiti, na kwa hilo AUC 0.94 ni sahihi kabisa, imewapata watafiti wote.

La tatu na hili ndo lililokuumiza zaidi: mwezi wa tisa. Najua kwa nini mlienda, maji yamepungua, yako safi, unaona mpaka chini, na kwa kome wengi hiyo ndo saa yake. Ila Kikopo muda mwingi wa mwaka anajifukia, mzima mzima ndani ya changarawe, unapita juu yake na pua yako hujui. Jike linapanda juu majira ya kuchipua, mwezi wa nne wa tano, na linapanda kwa sababu lina shughuli.

Hiyo shughuli ngoja niieleze maana mzee kobe anaona tunatafuta konokono. Watoto wa kome hawa hawawezi kuanza maisha bila kukaa wiki kadhaa kwenye mashavu ya samaki, wanajibana pale kwenye matamvua, wakishabadilika wanadondoka chini kuanza maisha. Kila kome ana samaki wake. Wa Kikopo ni Percina caprodes, kijisamaki chembamba chenye mistari kama pundamilia na pua ngumu, kazi yake kutwa ni kupindua vijiwe kwa pua kutafuta wadudu. Jike la Kikopo linakaa mdomo wazi kati ya vijiwe, samaki anakuja anasukuma pua yake, PAP, linafunga, limemkamata kichwa. Ukingo wa gamba una vijino. Linamshika hapo linampulizia watoto kwenye matamvua af linamuachia aende. Samaki wengine wadogo wakibanwa hivyo wanakufa, huyu fuvu lake ni gumu anavumilia. Kwa hiyo bwana mdogo, swali: kwenye modeli yako samaki yuko wapi? Maana penye changarawe nzuri na maji mazuri lakini huyo samaki hafiki, unaweza kukuta kome wazee tu, wanasubiri kufa.

---

kijana_wa_Wete amejibu:

Dada Mama_Mtoni nimesoma nimekaa kimya dakika kumi. Nimefungua jedwali. Pointi 61, za kabla ya 1936 ni 17, na 9 kati ya hizo ziko ndani ya ziwa. Na tatu zina koordineti ile ile moja, nimeiangalia kwenye picha za setilaiti ni maegesho ya duka.

Samaki sikuweka kabisa.

---

chuma_cha_ramani amejibu:

😂😂 maegesho ya duka. Usijali msee, sisi wote tumepitia. Mimi niko Eldoret nafanya GIS, yaani ramani za kompyuta, ya vitu vingine kabisa, ndege na miti, lakini MaxEnt ni ile ile, kwa hivyo wacha niongeze ya kiufundi.

Hiyo mambo ya daraja inatibika. By default programu inachukua pointi zake za bakigraundi, zile za kulinganishia, kila mahali, sasa inalinganisha mahali watu walitafuta na mahali hakuna mtu amewahi fika. Wewe ichukulie bakigraundi kutoka kwa rekodi za kome WOTE wa mto huo, wa kila aina, maana hao pia waliokotwa na watu wale wale kwa daraja zile zile. Hapo upendeleo uko pande zote mbili, unakatana, na kinachobaki ni tofauti ya Kikopo na kome wengine. Ramani itakuwa mbaya kwa macho, nyekundu itapungua, AUC itashuka, prof atakunja uso. Mwambie hiyo ndio ya ukweli.

Pia uliipima modeli aje? Kama ulificha pointi 20 kwa mia bila mpangilio, basi ile umeficha iko mita mia mbili kutoka kwa ile umeacha, huo si mtihani, ni kumpa mwanafunzi karatasi ya jana. Ficha mto mzima. Fundisha na Clinch, pima na Powell, kisha geuza.

Na usitumie pikseli kama unaweza. Mto si shamba. Huko Marekani mna bahati, kuna NHDPlus, mito yote imekatwa vipande kutoka makutano hadi makutano na kila kipande kina namba yake, na watu wa EPA, shirika la mazingira la huko, wamekuwekea StreamCat, kila kipande kina asilimia ya msitu, barabara, migodi, kila kitu cha juu yake kimeshahesabiwa. Huku kwetu ningepata hata nusu ya hiyo ningelia machozi ya furaha.

---

Mama_Mtoni amejibu:

Chuma umenena. Naongeza moja kuhusu vigezo halafu niende kupika.

Mteremko na msitu vinakuambia mto gani, havikuambii jiwe gani. Kwenye kilomita moja ile ile kome wamejazana mita arobaini hapa halafu hamna kitu mpaka kona inayofuata. Siku ya kawaida ukiangalia zile sehemu mbili huoni tofauti, kina kile kile, changarawe ile ile, ndo maana watu walihangaika miaka mingi wanapima kina na kasi ya maji kiangazi hawapati kitu. Tofauti inaonekana siku ya MAFURIKO. Kome ana mguu mmoja tu na huo ni wa kujichimbia, hakimbii. Changarawe ikianza kutembea anaondoka nayo, au inamzika. Kwa hiyo anabaki pale ambapo hata mto ukifura sakafu haisogei, nyuma ya mwamba, upande wa ndani wa kona, chini kidogo ya kisiwa. Kama una data ya laida ya bonde (vipimo vya urefu wa ardhi kwa leza) na vipimo vya mafuriko, tafuta mtu wa haidroliki akukokotolee nguvu ya maji inavyokwangua sakafu wakati wa maji makubwa, na mawe yaliyopo yanasogea kwa nguvu kiasi gani. Hicho kigezo kimoja kina thamani kuliko kumi vya misitu. Kwenye mito mikubwa wengine wanafunga sona ya kawaida ya wavuvi pembeni ya boti wanachora sakafu yote, wapi mwamba wapi mchanga wapi tope.

Na mkienda tena angalieni ukingoni chungu za magamba, yule panya mkubwa wa mtoni anakula kome anaacha magamba yamelundikana sehemu moja kama mama muuza njugu. Nimewahi kupata aina tatu za hatarini kwenye chungu moja kabla hata sijalowa. Ganda la kung'aa ndani maana yake kafa juzi, kwa hiyo wenzie wapo juu kidogo.

---

mwana_Kigoma amejibu:

Nafuatilia kwa karibu hii mada. Sisi Tanganyika tuna kome wetu wa ziwani ambao duniani hawapo kwingine, na kwenye mito ya Afrika kuna yule Etheria elliptica anayejigandisha kwenye miamba ya maporomoko kama chaza wa baharini, Nile yupo, Kongo yupo, mpaka huko Afrika Magharibi. Na maporomoko ndo hapo hapo watu wanapotaka kujenga bwawa la umeme. Swali langu, modeli kama hii inawezekana kwa sisi ambao pointi tulizonazo ni kumi na tano na nusu yake ziliokotwa na mkoloni?

---

chuma_cha_ramani amejibu:

@mwana_Kigoma inawezekana lakini usiiite ramani ya mahali wapo, iite ramani ya mahali pa kuanza kutafuta. Pointi 15, weka vigezo viwili au vitatu pekee, vile unajua kwa akili yako vina maana. Ukiweka 20 itakariri tu. Kisha nenda shambani, leta pointi mpya, rudia. Raundi ya tatu ndio huwa na maana.

---

mzee_kobe amejibu:

Sawa nimeelewa kidogo. Ila sijapata bado faida yake, tuseme Kikopo akiisha, mto utakauka?

---

Mama_Mtoni amejibu:

Hautakauka mzee wangu, utachafuka. Hawa wanakunywa maji upande mmoja wanatoa upande mwingine yakiwa yamechujwa, mchana na usiku, na wako maelfu, na wengine wanaishi miongo mingi. Marekani Kaskazini ina aina kama 300, hakuna bara lingine linaizidi, na karibu asilimia 70 ziko matatani. Oktoba 2023 serikali iliondoa kwenye orodha viumbe 21, sio kwamba wamepona, wametoweka, na 8 kati yao ni kome. Af usiseme hawana faida, mababu wa hao wazungu walivaa magamba ya hawa. Kabla ya plastiki vifungo vya shati vilitobolewa kwenye magamba ya kome, mji wa Muscatine, Iowa, mwaka 1905 peke yake ulitoa vifungo bilioni moja na nusu. Walivua mpaka mito ikabaki mitupu, yakaja mabwawa yakamalizia.

Faida ya modeli kwa mfuko ni hii: mtu anataka kujenga daraja au kupitisha bomba, sheria ya 1973 inataka ajue kama kuna kiumbe wa hatarini. Bila ramani anapeleka wazamiaji kila mahali au, mbaya zaidi, anaenda mahali pabaya anaandika hakuna.

---

dogo_shimba amejibu:

Mkuu mwaga koordineti za hizo sehemu bora nami niko Tennessee nikapige picha wikendi

---

Mama_Mtoni amejibu:

@kijana_wa_Wete USIWEKE. Hata sehemu moja. Mdogo wangu shimba sio kwamba nakushuku, ila hapa anasoma kila mtu.

---

kijana_wa_Wete amejibu (mwezi wa tano):

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa na mitihani halafu kibali kikachelewa.

Nilifanya kama mlivyosema. Nikatupa pointi za ndani ya ziwa na za maegesho, zikabaki 49, na zile zilizokuwa kwenye kipande kimoja cha mto nikaziunganisha zikawa 29. Bakigraundi nikachukua rekodi za kome wote. Nikaweka uwepo wa samaki kutoka sensa za samaki, na mwenzangu wa uhandisi akanikokotolea ile nguvu ya kukwangua sakafu kwa vipande 40 tu maana ni kazi haswa. Nikafundisha Clinch nikapima Powell, AUC 0.71. Supavaiza alikunja uso kama chuma alivyosema 😅 nikamuonyesha ile picha ya maegesho ya duka tukaelewana.

Modeli ikatoa sehemu tatu ambazo hazina daraja karibu na hazina rekodi yoyote. Ya kwanza tumefika kwa kutembea na mitumbwi ya plastiki saa mbili na nusu. Ni kona, kuna mwamba umejitokeza, nyuma yake kitanda cha changarawe hakizidi chumba cha kulala. Nimelala pale. Nusu saa sikuona kitu, nikafumba macho nikaanza kupapasa kwa vidole tu, maana bibi yangu hatumii macho. Nikagusa kitu chenye kona. Jiwe la mtoni halina kona kali namna ile. Nikafungua macho nikamuona, amepanda nusu, amefunua mdomo, ule utando wake mweusi mweusi umetuna ndani ya ukingo na vile vijino, anasubiri samaki wake. Nililia ndani ya miwani ikajaa ukungu sikuona tena kitu. Mita mbili mbele kulikuwa na mwingine, dume nadhani. Tukapima, tukapiga picha, tukawarudisha vile vile walivyokuwa wameelekea.

Sehemu ya pili chungu ya panya, ganda moja la Kikopo, limechakaa halina mng'ao ndani. Ya tatu hamna, tumezama siku mbili, na ndo ilikuwa na alama ya juu kuliko zote! Makazi mazuri kwa macho, samaki yupo tumemuona. Kome wa aina yoyote ni wachache ajabu. Nimeshindwa kuelewa, je niiandike kwenye data kama sehemu asiyokuwepo niifundishe modeli upya?

---

chuma_cha_ramani amejibu:

HONGERA SANA BUDA 🔥🔥 0.71 yenye kome hai inashinda 0.94 yenye daraja.

---

Mama_Mtoni amejibu:

Nimesoma huku nimesimama jikoni, ugali umeungua. Hongera sana mdogo wangu.

Ya tatu usikimbilie. Kwanza usiandike hayupo, andika hajaonekana, na uandike mmetafuta masaa mangapi kwa watu wangapi. Tuseme mkipita mara moja uwezekano wa kumuona akiwepo ni 3 kwa 10, mkipita mara mbili, hata kama yupo, bado kuna 49 kwa 100 kwamba mmemkosa, inabidi mpite kama mara tisa ndo mshuke chini ya 5 kwa 100.

Pili umesema kome wa aina ZOTE ni wachache, hilo sio la Kikopo, kuna kitu kilipita hapo. Mwaka 1998 gari la kemikali lilipinduka huko juu Clinch upande wa Virginia, kome kama 7,000 walikufa, na samaki walirudi haraka kuliko kome kwa sababu samaki anaogelea. Kuna migodi ya makaa kwenye vijito. Na tangu 2016 kuna vifo vya wingi Clinch, hasa aina moja, vinatokea vuli. StreamCat yako ina mteremko na msitu, haina gari lililopinduka. Sehemu yako ya tatu iko juu au chini ya kijito gani kikubwa? Usinijibu hapa, nitumie ujumbe inbox.